Mijusi Wawili, Sanduku Moja: Mjadala wa Mafinga na Isongole

Mijusi chui wawili, wale mijusi wa usiku wa nchi kavu za Asia, wafugwe katika sanduku moja la kioo, au kila mmoja awe na lake? Msomaji wa Mbeya au Iringa atasema hilo ni swali la watu wenye nafasi. Kwetu mjusi ni yule kafiri anayekimbia darini, na hakuna mtu aliyewahi kumjengea nyumba. Lakini milima yetu ya Mbeya na Iringa imetoa vinyonga wenye pembe tatu waliouzwa hadi Ulaya na Marekani, na bonde la Kihansi, pale Mufindi inapopakana na Kilombero, limetoa vyura ambao kwa miaka kadhaa hawakuwa na makao mengine duniani isipokuwa masanduku ya kioo ya Wamarekani. Kwa viumbe hao, nani akae na nani lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Nimewaweka hapa wasemaji wanne. Wao ni wa kubuni, hoja zao si za kubuni. Yupo Kijana mzaliwa wa Mafinga, anayefanya kazi Uholanzi na kufuga huko mijusi chui watatu, dume mmoja na majike wawili. Yupo Shangazi yake wa Mafinga, mfugaji wa simbilisi na sungura. Yupo Mzee wa Isongole, Rungwe, aliyekuwa akikamata vinyonga enzi biashara hiyo ilipokuwa na vibali. Na yupo Mwalimu wa baiolojia kutoka Iringa mjini. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

KIJANA: Shikamooni. Mimi nianze na ninachokiona kila siku. Wangu watatu mchana hulala chini ya gome moja, wamelaliana, kidevu cha huyu juu ya mgongo wa yule. Sijawahi kuwaona wakiumana. Watu huniambia wananyanyasana, lakini anayesema hivyo hajakaa nao.

SHANGAZI: Marahaba, baba. Mimi niko upande wako, na sisemi hivyo kwa sababu ya udugu. Simbilisi wangu wanaishi jikoni, chini ya kichanja cha vyombo. Ukimtoa mmoja ukamfungia peke yake, hali vizuri. Anakaa kona, anapiga ile filimbi yake mpaka usiku. Ukimrudisha kwa wenzake, baada ya muda mfupi wote wanakimbilia majani. Kiumbe gani asiyetaka mwenzake?

MZEE: Kinyonga, binti yangu.

SHANGAZI: Kinyonga naye si kiumbe wa kufuga, Mzee.

MZEE: Alifugwa. Nilimkamata mimi, akafugwa huko alikopelekwa. Tulikuwa tunatoka usiku na tochi, kwa sababu kinyonga akilala ngozi hupauka, ukimmulika unamwona kwenye ncha ya tawi hata akiwa juu. Mchana unaweza kupita chini yake mara kumi. Basi kwa usiku wote ule, wa pembe tatu, huwakuti madume wawili kwenye tawi moja. Huyu mti huu, yule mti ule. Na kila mmoja tulimtia mfuko wake wa kitambaa. Wapo vijana waliotaka kuokoa mifuko, wakatia madume wawili pamoja. Asubuhi unafungua, mmoja amekuwa mweusi, macho yamezama, na mwingine ana jeraha la pembe ubavuni. Yule mweusi hata umpe maji, hanywi.

KIJANA: Mfukoni, sawa, hakuna nafasi. Kwenye tundu kubwa je?

MZEE: Kwenye tundu kubwa hagombani naye, anamwona tu. Kwake kumwona ni ugomvi tayari. Macho ya kinyonga kila moja linatazama upande wake, hana mahali pa kugeukia asimwone mwenzake. Utaweka wavu katikati, bado anamwona. Siku ya kwanza rangi inabadilika, siku zinazofuata anaacha kula.

Niongeze moja kabla hawajaendelea. Kinyonga anayemsema Mzee anaitwa na wanasayansi Trioceros fuelleborni, jina alilopewa na Mjerumani Tornier mwaka 1900 kwa heshima ya Fülleborn, daktari wa jeshi la kikoloni la Wajerumani. Anapatikana katika misitu ya Uporoto, Ngosi na Rungwe. Hatagi mayai, anazaa watoto wanaotembea. Amezoea usiku wa baridi ya nyanda za juu, ile inayotufanya sisi tuvae makoti mwezi Juni, na mtu anayempeleka kwenye chumba cha joto la saa zote amemkosea hata kabla hajafikiria mwenzake wa tunduni. Tuendelee.

KIJANA: Mnachanganya mambo. Kinyonga anatembea mchana na anatumia macho. Mjusi chui anatoka usiku, anatoka nchi kavu za mawe, Afghanistani, Pakistani, kaskazini-magharibi mwa India. Huko hukutwa zaidi ya mmoja chini ya mwamba mmoja. Kwa hiyo wana desturi ya kukaa pamoja.

MWALIMU: Tukubali hukutwa. Mwamba wa porini una nyufa ngapi? Mnyonge akisukumwa huku anatokea kule, na usiku anakwenda kuwinda upande ambao mbabe hayupo. Sanduku lako lina urefu gani?

KIJANA: Karibu mita moja.

MWALIMU: Na gome lile la kulalia liko wapi?

KIJANA: Upande wenye joto. Chini yake kuna mkeka wa umeme.

MWALIMU: Na upande wa pili?

KIJANA: Kuna bakuli la maji. Gome lingine halipo.

MWALIMU: Basi hapo ndipo penye jibu. Mjusi hatengenezi joto lake mwenyewe, analichukua nje. Asipopata tumbo lenye joto, chakula hakisagiki. Sanduku lako lina sehemu moja tu yenye joto na giza kwa pamoja, na wote watatu wanaihitaji. Unawaona wamelaliana ukadhani ni mapenzi. Wa juu amekalia nafasi, wa chini hana pa kwenda.

SHANGAZI: Mwalimu, hata watu tukilala watatu kitanda kimoja kwa baridi ya Mafinga, haina maana tunachukiana.

MWALIMU: Ndiyo, Shangazi, lakini asubuhi mnagawana uji. Nami sitaki aniamini kwa maneno. Aweke maficho matatu, yote yenye joto sawa, aone kama wataendelea kulaliana. Halafu achukue mizani ya jikoni, ile ya gramu, awapime kila wiki. Mjusi chui mzima ana gramu hamsini, sitini, wengine zaidi. Mafuta yake ameyaweka mkiani. Mkia ukiwa mnene kama shingo au zaidi, ameshiba.

KIJANA: Mmoja wa majike mkia wake ni mwembamba kidogo. Ila alikuwa hivyo tangu nilipomnunua.

SHANGAZI: Mwembamba kidogo tangu lini, mwanangu? Hebu tusidanganyane. Nikikuta sungura mmoja kati ya wanne ana mbavu zinazohesabika, sisemi alizaliwa hivyo. Namtoa, nampa chombo chake, nione.

Shangazi hapo alijisahau, akaingia upande wa pili bila kuombwa. Nami nataka abaki hapo kidogo, kwa sababu mfugaji wa Mafinga anajua jambo hili kuliko vitabu vingi vya Ulaya vya wanyama wa kupendezesha nyumba. Nilimwomba aeleze mabanda yake.

SHANGAZI: Haya. Simbilisi ni dume mmoja na majike kadhaa, hata sita au saba, hakuna shida. Madume wawili wakubwa penye majike, hapana. Watang'atana masikio na viuno. Jike anabeba mimba kama siku 68, mtoto anazaliwa ana manyoya, macho wazi, siku ileile au ya pili anatafuna jani. Kwa hiyo unapaswa kuwa macho. Watoto wa kiume wakifikisha wiki tatu au nne unawatoa, wasije wakapanda mama na dada zao. Hapa ndipo wengi wanaharibu, wanaacha jiko lote lichanganyike miaka nenda rudi, wanaishia na simbilisi wadogo wadogo, dhaifu. Wanalaumu chakula.

KIJANA: Na sungura?

SHANGAZI: Sungura ni habari nyingine kabisa. Kila jike na banda lake. Ukitaka apandwe, unamchukua jike unampeleka kwa dume. Usimpeleke dume kwa jike, maana jike akiwa kwake anamparura, unaweza kurudi ukakuta dume hana heshima tena. Akishapandwa unamrudisha, siku 31 hivi anazaa, na hapo hataki kuona sura ya sungura mwingine. Sasa ulinganishe. Wote wana meno ya mbele, wote wanakula majani ya viazi vitamu, wote tunawaweka jikoni au nyuma ya jiko kwa sababu ya baridi na paka. Lakini huyu ukimtenga anadhoofika, yule ukimchanganya anaumia. Ndiyo maana hata simbilisi na sungura siwaweki banda moja, japo nawaona majirani wanafanya. Sungura akipiga teke moja, simbilisi hana mgongo.

MWALIMU: Na sungura anaweza kubeba vijidudu vya kifua visivyomsumbua yeye, vikamuua simbilisi. Shangazi amesema sawasawa.

MZEE: Kwa hiyo umehamia kwangu, binti yangu.

SHANGAZI: Sijahamia, Mzee. Nasema kila mmoja na tabia yake.

MWALIMU: Basi niwape mfano wa kwetu, uliojaribiwa mbele ya dunia nzima. Chura wa Kihansi. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1999. Kachura kadogo, sentimita mbili hadi tatu, manjano, anazaa watoto hai badala ya kutaga. Makao yake yote duniani yalikuwa kama hekta mbili za majani na mawe yaliyoloweshwa na mvuke wa maporomoko, kwenye ukingo wa Udzungwa. Maji ya mto yakageuzwa kuendesha mitambo ya umeme, megawati 180, na mvuke ukapungua. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa Marekani, kuanzia bustani ya wanyama ya Bronx, New York, wakagawanywa katika bustani kadhaa.

KIJANA: Na waliwekwa pamoja?

MWALIMU: Pamoja, kwa makundi, kwa sababu porini walijaa kwenye majani yale kwa maelfu. Huyo ni mnyama wa umati. Lakini angalia kilichotokea. Kuwaweka pamoja peke yake hakukuwatosha. Walikufa. Walikosa mwanga unaofaa, chakula hakikutimia, wakashikwa na minyoo ya mapafu. Kufikia Desemba 2005 walikuwa wamebaki chini ya 70 katika bustani zote, na ni mbili tu, Bronx na Toledo, zilizoweza kuwashika. Huku nyumbani kuvu lilikuwa limewapiga wale wa bondeni mwaka 2003, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena.

SHANGAZI: Walibaki sabini tu?

MWALIMU: Chini ya sabini, Shangazi. Kisha waliowatunza wakajifunza: mwanga wa aina gani, wadudu wadogo kiasi gani, mvuke mara ngapi kwa siku. Kufikia katikati ya mwaka 2010 Toledo na Bronx walikuwa na maelfu. Agosti mwaka huohuo 100 wakasafirishwa kwa ndege hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 vyura wakaanza kurudishwa Kihansi chini ya mvuke wa mabomba yaliyowekwa maalumu. Mambo mawili nayachukua hapo. La kwanza, walioweka vyura pamoja hawakuwahurumia upweke. Waliuliza wanaishije bondeni. La pili, hawakuwaweka wote mahali pamoja. Wangekuwa wote katika bustani moja, na hiyo ikawa mojawapo ya zile zilizoshindwa, leo tungekuwa tunawaona kwenye chupa za spiriti.

Mimi, ninayeandika, hoja hii ya pili naiona nzito kuliko ya kwanza, na wafugaji wengi hawaigusi: kuwatawanya wanyama huzuia ugonjwa usiwapate wote. Huwa tunajadili urafiki wa wanyama, tunasahau kinyesi. Mjusi chui ana tabia safi ya kuchagua kona moja ya kujisaidia. Wakiwa watatu kona ni ileile, na siku moja unaikuta ya majimaji. Ya nani? Kipo kimelea kinachoitwa kriptosporidiamu, kinachoganda kwenye utumbo wa mijusi hawa, kikapita kwa mavi, mkia ukakauka ukabaki kijiti, na matibabu ya kukimaliza kabisa hayapo. Ukiwa na mjusi mmoja katika sanduku, una mgonjwa mmoja. Ukiwa na watatu, umeshapoteza watatu kabla hujajua nani alianza.

KIJANA: Nimesikia. Ila mnasema kana kwamba nafasi na umeme ni bure. Masanduku matatu, mikeka mitatu, vidhibiti joto vitatu. Uholanzi chumba changu kidogo, na bili ya umeme unaijua ikija.

SHANGAZI: Usingenunua watatu.

KIJANA: Shangazi!

SHANGAZI: Kweli si kweli? Mimi nisipokuwa na mbao za banda, sinunui jike la pili. Sungura anasubiri, hakuna mtu anayekufa kwa kukosa sungura.

KIJANA: Basi angalau dume nimwache na jike mmoja. Wakizaa, watoto nitawauza, nitapata pesa ya masanduku.

MWALIMU: Hapo ndipo unamwumiza zaidi. Jike anataga mayai mawili mawili, anarudia tena na tena kwa msimu, na akishapandwa anaweza kuhifadhi mbegu akaendelea kutaga bila dume. Kila ganda linatoka kwenye mifupa yake. Dume aliye naye usiku kucha hamwachi apumzike. Anamshika shingoni kwa meno. Wafugaji wanaozalisha kwa makini humweka dume na jike kwa muda mfupi, wakamtoa, kama Shangazi anavyofanya kwa sungura.

KIJANA: Na watoto? Wakiwa wadogo wanaweza kukaa pamoja?

MWALIMU: Wadogo wanakua kwa kasi tofauti. Mkubwa anakula nyenje wote, mdogo anapoteza kidole au mkia. Tena hujui ni dume au jike. Kwa mjusi chui jinsia inaamuliwa na joto la mayai: ukiyalaza kwenye nyuzi 26 hivi wengi wanatoka majike, ukiyalaza kwenye 32 na nusu wengi wanatoka madume. Ukinunua wawili kwa mtu asiyejua aliyalaza wapi, unaweza kuwalea kama dada wawili, wakishafikisha miezi kadhaa unaona ile mistari ya vitundu yenye umbo la V mbele ya shina la mkia kwa wote wawili. Usiku huo huo mmoja anaacha mkia sakafuni, unacheza peke yake. Utaota mwingine, lakini mfupi, mnene, hauna mfupa ndani.

MZEE: Mimi nawasikiliza mkigawana masanduku. Ninalouliza ni nani alimtoa kwao.

KIJANA: Wangu hawakutolewa porini, Mzee. Mijusi chui wanaouzwa leo wamezaliwa mikononi mwa watu, vizazi na vizazi. Hilo ndilo jema lake.

MZEE: Hilo nakupa. Lakini vinyonga wa Uporoto walitoka kwenye miti yetu, kila mmoja. Sikuwahi kuona aliyezaliwa tunduni. Tulilipwa kidogo, aliyeuza nje akalipwa vizuri, na wengi walikufa njiani kwenye vile vifuko. Mlima uleule wa Rungwe tulioufuata na tochi ndio watu wa utafiti walipokuja kumwona kipunji, kima ambaye dunia ilimjua mwaka 2005. Nikajiuliza tumekwisha kubeba mangapi yasiyojulikana.

MWALIMU: Na si Uporoto peke yake. Kule Kimboza, Morogoro, kuna kamjusi ka buluu kanakoishi kwenye majani ya mikadi. Wakamataji walikuwa wakikata mti mzima ili wamfikie. Mwaka 2016 akaingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, maana yake biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imefungwa. Mwaka huohuo serikali yetu ikapiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori hai. Juni 2022 ikatangazwa kwamba wafanyabiashara wangepewa miezi sita kumalizia waliobaki nao, watu wakapiga kelele, na siku chache hazikupita tangazo likasitishwa.

KIJANA: Kwa hiyo nisirudi Uholanzi na kinyonga.

MZEE: Usirudi hata Mafinga na kinyonga.

Hapo niliwakata, kwa sababu walikuwa wameshafika. Msimamo wangu mimi, baada ya kuwasikiliza, ni huu. Shangazi yuko sahihi juu ya simbilisi, na atabaki sahihi. Anayemweka simbilisi peke yake kwa sababu amesoma habari za mijusi amemtesa bure. Kijana alikosea kwa kuhamisha jiko la Shangazi hadi kwenye sanduku la kioo. Mnyama wa kundi humtafuta mwenzake kwa sauti, utamsikia. Mjusi chui hajawahi kuita mwenzake kwa sababu ya upweke, na mfugaji anayedai wake ni marafiki aonyeshe daftari la uzito kwanza, la wote, la miezi. Asiyekuwa na daftari hana hoja.

Kwa anayefuga mijusi chui, awe Uholanzi, Dar es Salaam au Iringa: dume na dume kamwe, dume na jike kwa muda wa kupandisha tu, na majike, ukishikilia kuwaweka pamoja, basi maficho yenye joto kwa kila mmoja, bakuli kwa kila mmoja, na sanduku la akiba tupu tayari kwa siku watakapogombana. Ukiona gharama ya hayo yote ni kubwa, fuga mmoja. Atakaa nawe miaka kumi na tano au zaidi bila kumuuliza mtu mwenzake yuko wapi.

Na kwa aliye karibu na Ngosi, Rungwe au Udzungwa, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haijampa mtu ruhusa ya kumtoa kinyonga msituni na kumfuga bila kibali, awe mmoja, awe wawili, katika sanduku dogo au kubwa.